Tusitala: Maisha ya Robert Louis Stevenson

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumekwisha kusoma habari za wafalme, majemadari, na watu waliopigania uhuru wa nchi zao. Leo naomba nafasi niwaeleze wasomaji wenzangu habari za mtu ambaye hakutawala nchi wala hakushinda vita, na ambaye siku nyingi za maisha yake alizipitisha kitandani akikohoa. Jina lake ni Robert Louis Stevenson, mwandishi wa hadithi.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ndiye mwangalizi wa kabati la vitabu katika bweni letu, na daftari la kuazimia liko mikononi mwangu. Kila nikilifungua naona jambo lile lile: vitabu vya mtihani hugombaniwa mpaka vikachanika, na vitabu vya hadithi hulala raha mustarehe pamoja na mende. Nimewauliza wenzangu sababu, nao hunijibu kwamba hawana wakati wa kuchezea. Pili, nina deni kwa bwana huyu. Hapa Uganda wengi wetu hatukuzaliwa katika Kiswahili. Mmoja alikiokota sokoni, mwingine kwa jirani, mwingine kwa madereva wa malori. Mimi Kiswahili changu, kwa sehemu kubwa, nilikipata katika nakala kuukuu ya Kisiwa chenye Hazina, isiyo na jalada, ambayo kurasa zake za mwisho zilikuwa zimeshonwa kwa uzi. Kitabu hicho ni Treasure Island cha Stevenson. Aliyekifasiri ni Frederick Johnson, yule aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, na ambaye kamusi zinazojulikana kwa jina la kamati hiyo zilianzia katika kazi yake. Nilipokuwa nikikisoma sikuwa na habari kwamba najifunza lugha. Nilichotaka kujua ni kama wale maharamia watamgundua mtoto Jim Hawkins alivyojificha ndani ya pipa la matofaa.

Basi, Stevenson alizaliwa tarehe 13 Novemba 1850 mjini Edinburgh, katika nchi ya Uskoti. Alikuwa mtoto wa pekee wa Bwana Thomas Stevenson na mkewe Margaret. Jamaa hii ilikuwa mashuhuri kwa kazi moja, nayo ni kujenga minara ya taa baharini ili vyombo visivunjike miambani usiku. Babu yake, aliyeitwa Robert vilevile, ndiye aliyejenga mnara wa Bell Rock juu ya mwamba ambao maji yakijaa huuzamisha kabisa. Taa ya mnara huo iliwashwa mara ya kwanza mwaka 1811, na mnara ungali umesimama mpaka leo. Ndugu zake Thomas nao walikuwa mainjinia wa minara. Kwa hiyo mtoto huyu alipozaliwa hakuna aliyejiuliza atafanya kazi gani. Kazi yake ilikuwa imekwisha mngojea.

Lakini kifua chake kilikuwa kibovu. Edinburgh ni mji wa baridi na upepo mkali, na kila majira ya baridi yalipofika mtoto alishikwa na homa na kikohozi, akalazwa kwa majuma mengi. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu wazazi wake walimwajiri yaya, Alison Cunningham, binti wa kijijini, mcha Mungu sana. Yaya huyu alikesha naye usiku kucha. Kikohozi kilipozidi alimbeba mpaka dirishani, akamwonyesha taa moja mbili zinazowaka katika nyumba za mbali, wakajiuliza wote wawili kama huko nako kuna mtoto mgonjwa anayengojea kupambazuke. Alimsomea Biblia, na habari za Waskoti wa zamani waliouawa kwa ajili ya dini yao, na alisoma kwa sauti ya kuigiza hata mtoto akaona watu hao wamesimama chumbani. Yaya mwenyewe aliamini kwamba riwaya na michezo ya kuigiza ni dhambi. Nadhani hakujua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimfanya mtoto yule awe mpenda hadithi kuliko watoto wote wa mtaa.

Baba naye, yule injinia wa mawe na hesabu, alikuwa na siri yake. Mtoto alipoamka na hofu usiku, Bwana Thomas alikuja kukaa karibu na kitanda akamtungia hadithi za manahodha, wanyang'anyi na vyombo vilivyozama, mpaka usingizi ukamchukua. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Jambo la ajabu ni kwamba huyu aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa alichelewa kujua kusoma. Alipokuwa na miaka 6 mjomba mmoja katika jamaa yao aliahidi zawadi kwa mtoto atakayetunga vizuri zaidi habari za Musa. Louis hakuweza kuandika wala kusoma. Alisema kwa mdomo na mama yake akaandika, akapewa zawadi ya kitabu cha Biblia chenye picha. Kusoma mwenyewe alianza alipokuwa na miaka 7 au 8. Nawaeleza haya kwa ajili ya wale wadogo wa kidato cha kwanza wanaodhani kwamba aliyechelewa kuanza amekwisha kushindwa.

Shuleni hakukaa sana kwa sababu ya maradhi. Mwaka 1867 alipelekwa Chuo Kikuu cha Edinburgh kujifunza uinjinia, na ukweli ni kwamba hakuwa mwanafunzi mwema. Mahali pake darasani palikuwa patupu aghalabu. Lakini alipotoka kwenda kutembea, siku zote alichukua vitabu viwili mfukoni: kimoja cha kusoma na kimoja cha kuandika. Akisoma kitabu kilichompendeza, alikaa chini mara moja akajaribu kuandika kwa namna ya mwandishi yule. Akashindwa, akajaribu tena, akashindwa tena. Hakuna mwalimu aliyemwagiza kazi hiyo, wala hakuna aliyempa alama. Alifanya kama vile kijana apendaye mpira anavyorudi uwanjani peke yake jioni kupiga teke la adhabu mara mia. Baadaye, mwaka 1877, aliandika insha ya kuwatetea wavivu, akieleza kwamba kijana anayezurura huenda akajifunza mambo ambayo aliyekaa darasani hayaoni. Mimi sipendi wenzangu waisome insha hiyo kama ruhusa ya kutoroka, maana huyu mvivu alifanya kazi kuliko wengi wetu.

Mwaka 1871 mambo mawili yalitokea. La kwanza, alisoma mbele ya chama cha wataalamu mjini Edinburgh makala juu ya namna mpya ya taa ya mnara, akapewa nishani ya fedha. Baba yake alifurahi mno. La pili, majuma machache tu baadaye, katika matembezi ya jioni, alimwambia baba yake kwamba hataki uinjinia, anataka kuandika vitabu. Fikirini huzuni ya mzee yule. Miaka zaidi ya 60 jamaa yake ilikuwa ikiwasha taa za kuokoa watu, na mwana wake wa pekee anataka kutunga maneno! Hata hivyo hakumfukuza. Walipatana kwamba asome sheria, ili akishindwa kuandika awe na kazi ya kumlisha. Alisoma, akahitimu uwakili mwaka 1875, kibao chenye jina lake kikabandikwa mlangoni, na kazi ya uwakili karibu hakuifanya kabisa.

Hapa najua wako watakaonipinga. Watasema kwamba kijana huyu alikuwa na baba mwenye mali, na kwamba mtoto wa mkulima anayelipiwa karo kwa kahawa au kwa mbuzi hawezi kuishi hivyo. Ni kweli, wala sitaki kuficha. Stevenson alipokea fedha za baba yake mpaka alipopita umri wa miaka 30, na mwenyewe aliona haya kwa ajili hiyo. Lakini ninachokisema si kwamba sisi tuache masomo tukawe waandishi. Nasema habari ya nusu saa kabla ya taa kuzimwa bwenini. Nusu saa hiyo haina karo.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi. Alisafiri kwa mtumbwi katika mito ya Ubelgiji na Ufaransa, akaandika kitabu. Akatembea siku 12 katika milima ya kusini ya Ufaransa pamoja na punda mkaidi aitwaye Modestine, akaandika kitabu kingine, kilichotoka mwaka 1879. Huko Ufaransa alikutana na mwanamke wa Kimarekani, Fanny Osbourne, aliyekuwa na watoto, akampenda. Mwaka 1879 alimfuata mpaka California, katika meli pamoja na wahamiaji maskini na kisha kwa garimoshi, bila kuwaaga wazazi. Alikaribia kufa kwa ugonjwa na njaa. Baba yake alipopata habari alimpelekea simu kwamba atampa fedha kila mwaka. Louis na Fanny walioana mjini San Francisco mwezi wa Mei 1880, kisha wakarudi Uskoti.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa nikae kidogo.

Mwaka 1881, majira ya kiangazi, jamaa yote ilikuwa imepanga nyumba huko Braemar, milimani. Mvua ilinyesha siku baada ya siku. Mtoto wa Fanny, Lloyd, mwenye miaka 13, alikuwa amefungiwa ndani hana la kufanya ila kupaka rangi picha. Baba yake wa kambo alikuja kukaa naye, akachukua kalamu na rangi, akachora ramani ya kisiwa. Kisiwa hicho hakikuwako duniani. Alikitia vilima, ghuba na vinamasi, akavipa majina. Na alipokuwa akiitazama ramani yake akaona kana kwamba watu wanatokea katikati ya miti, wamekunja nyuso, na silaha mikononi. Kesho yake alianza kuandika. Kila siku aliandika sura moja, na baada ya chakula akawasomea watu wa nyumbani. Alikusudia kumfurahisha mtoto mmoja tu aliyechoshwa na mvua.

Ndipo likatokea jambo ambalo hakulitazamia. Msikilizaji aliyeshikwa na hadithi kuliko wote alikuwa mzee Thomas. Yule injinia, aliyehuzunika miaka 10 kwa sababu mwanawe amechagua kutunga hadithi, alikaa akisikiliza kama mtoto. Hadithi ilipofika mahali ambapo kasha la baharia Billy Bones linafunguliwa, mzee alichukua bahasha kuukuu, akaandika nyuma yake orodha ya vitu vyote ambavyo kasha la baharia wa namna ile lingekuwa navyo, na mwanawe akaifuata orodha hiyo. Jina la jahazi la haramia Flint, yaani Walrus, alilitoa yeye. Kumbukeni zile hadithi za usiku karibu na kitanda cha mgonjwa. Mzee alikuwa akisikia hadithi zake mwenyewe zikimrudia. Na siku zilizofuata, ile ramani ya kwanza ilipopotea katika kupelekwa kwa wachapaji, nyingine ilichorwa katika ofisi ya baba, ofisi ile ile ya kuchorea minara ya taa, na mzee kwa mkono wake mwenyewe akaghushi sahihi ya Kapteni Flint! Katika maisha yote ya Stevenson hakuna jambo linalonipendeza kuliko hili. Mabishano ya baba na mwana yalikuwa makali, juu ya kazi na hata juu ya dini, wala sidhani yalimalizika yote. Lakini kwa majuma yale ya mvua walikuwa wavulana watatu ndani ya nyumba moja, mmoja ana miaka 13, mmoja 30, na mmoja amepita 60.

Sura 15 za kwanza zilikwenda mbio, kisha akakwama kabisa, hana hata neno moja. Alikimaliza kitabu wakati wa baridi huko Davos, Uswisi, alikokwenda kwa ajili ya kifua chake. Hadithi ilitolewa kidogo kidogo katika gazeti la vijana lililoitwa Young Folks, kuanzia Oktoba 1881 mpaka Januari 1882, bila jina lake la kweli. Wasomaji wa gazeti hilo hawakuijali sana. Lakini ilipotoka kama kitabu mwezi wa Novemba 1883, mambo yaligeuka. Wazee kwa vijana walikisoma. Inasemekana kwamba William Gladstone, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, alikesha mpaka saa nane za usiku ili akimalize, na sina shaka kwamba alikuwa na mafaili mengi mezani kuliko msomaji yeyote wa gazeti hili.

Mwaka 1894 Stevenson alieleza waziwazi mahali alipoyapata mambo yaliyomo katika hadithi ile. Kasuku alitoka katika Robinson Crusoe. Mifupa ya mtu inayoonyesha njia aliichukua kwa Edgar Allan Poe. Boma la miti lilitoka kwa Marryat, na Billy Bones pamoja na kasha lake alitoka kwa Washington Irving, mwandishi wa Kimarekani aliyemsoma zamani hata akasahau kwamba amemsoma. Kiguru Long John Silver alimtunga kwa kumtazama rafiki yake, mshairi William Ernest Henley, aliyekatwa mguu kwa maradhi ya mifupa, na ambaye alikuwa mtu wa nguvu na kicheko kikubwa. Mwanafunzi akiyatazama haya ataona kwamba kila kitabu ambacho kijana yule alikisoma kwa kujifurahisha kilikuwa kimewekwa akiba mahali fulani, na siku ya haja kilitoka chenyewe. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichokisoma kwa ajili ya mtihani.

Yeye mwenyewe aliendelea kusoma namna hiyo mpaka mwisho. Riwaya moja ndefu sana ya Mfaransa Alexandre Dumas aliisoma mara tano au sita, kama mtu anavyorudi kumtembelea rafiki. Na katika insha aliyoitoa mwaka 1882 alitetea hadithi za matukio mbele ya wakubwa waliozidharau, akieleza kwamba mtu mzima naye ana haki ya kujisahau ndani ya kitabu kama mtoto anavyojisahau katika mchezo. Wataalamu wengi wa karne ya 20 walimpuuza kwa sababu hiyo hiyo, wakasema ni mwandishi wa watoto. Wasomaji hawakuwasikiliza, yumo miongoni mwa waandishi waliofasiriwa katika lugha nyingi zaidi duniani.

Mwaka 1886 alitoa vitabu viwili, kile cha Daktari Jekyll na Bwana Hyde, ambacho mwanzo wake alikiota usingizini, na Kidnapped, hadithi ya kijana wa Kiskoti aliyeibwa na kupakiwa chomboni. Baba yake akafa mwaka 1887. Madaktari wakamwambia kwamba hali ya hewa ya kwao itamwua. Akaondoka Uingereza mwaka ule ule, asirudi tena, na mwaka 1888 akapanda jahazi huko San Francisco pamoja na mama yake, mkewe na Lloyd, kuingia bahari ya Pasifiki. Mwezi wa Desemba 1889 alifika Samoa, akapenda, akanunua zaidi ya eka 300 za msitu mlimani juu ya mji wa Apia, akajenga nyumba mahali paitwapo Vailima. Kwa mara ya kwanza alipata nguvu za kupanda farasi na kufyeka magugu.

Samoa ilipata uhuru mwaka 1962, mwaka ule ule tulioupata sisi. Wakati wa Stevenson, Wajerumani, Waingereza na Wamarekani walikuwa wakiigombania. Wasamoa wengi walikuwa wamekwisha kujua kusoma lugha yao, maana wamisionari walikuwa wamewafasiria Biblia nzima na walikuwa na gazeti kwa Kisamoa, O le Sulu Samoa. Lakini yaliyochapwa yalikuwa ya dini na ya mafundisho. Kitabu kilikuwa kitu cha kuheshimiwa, si cha kuchekesha wala kutisha. Nadhani wasomaji wangu wanaielewa hali hiyo vizuri.

Mwaka 1891 hadithi yake ya Jini wa Chupa ilifasiriwa na mmisionari mmoja na kutolewa mwezi kwa mwezi katika gazeti hilo. Ni habari ya Keawe, mtu wa Hawaii, aliyenunua chupa yenye jini ndani yake. Mwenye chupa hupata kila atakalo, lakini akifa nayo huenda motoni, na hawezi kujitoa ila kwa kuiuza kwa bei iliyo chini ya ile aliyoinunulia. Sasa fikirini: kila inapouzwa bei inashuka; itakuwaje ikifika senti moja? Husemwa kwamba hii ndiyo hadithi ya kwanza ya kubuni kuchapwa kwa Kisamoa. Watu waliingojea kila mwezi. Na kwa kuwa mpaka siku hiyo lililochapwa lilikuwa la kweli, wengi waliamini kwamba hii nayo ni kweli tupu, na kwamba mwenye chupa sasa ni huyu mzungu, maana vinginevyo nyumba kubwa vile ameijengaje bila duka wala meli? Wageni walikuja Vailima, wakakaribishwa, wakala, wakazungumza adabu zote, na walipotaka kuondoka wakauliza kwa sauti ya chini kama wanaweza kuonyeshwa ile chupa. Stevenson alilieleza jambo hili kwa furaha kuu. Nami naona kwamba hakuna sifa za wataalamu zinazoweza kulingana nalo.

Wasamoa walimpa jina, Tusitala, maana yake mwandishi wa hadithi. Wala hakuwasimulia hadithi tu. Alijifunza lugha yao, akaandika barua katika gazeti la The Times la London kuwashtaki maofisa wa kizungu waliotawala vibaya, na mwaka 1892 akatoa kitabu kizima juu ya taabu za nchi ile. Vita vilipotokea mwaka 1893 na machifu wa upande wa Mata'afa, walioshindwa, wakatiwa gerezani Apia, yeye aliwatembelea akawapelekea chakula na tumbaku wakati wengine waliogopa hata kutajwa pamoja nao. Walipofunguliwa mwaka 1894 hawakurudi makwao moja kwa moja. Walikuja wao na watu wao, na vyakula vyao, wakalima barabara mpaka nyumbani kwake, kazi ambayo kwa desturi yao chifu haishiki kwa mkono wake. Wakaweka ubao wenye majina yao, wakaiita barabara ya moyo wa upendo.

Barabara ilimalizika mwezi wa Oktoba. Tarehe 3 Desemba 1894, jioni, akiwa anamsaidia mkewe kutayarisha chakula, Stevenson alishika kichwa kwa ghafula, akaanguka, akafa usiku huo. Si kifua kilichomwua, ni mshipa wa damu uliopasuka kichwani. Alikuwa na miaka 44. Machifu walikuja usiku na mikeka yao mizuri, wakakesha naye. Asubuhi watu walichukua mashoka na mapanga wakafyeka njia katika msitu mpaka kilele cha mlima Vaea, mahali alipotaka kuzikwa, wakampandisha kwa mabega katika mteremko mkali sana.

Asubuhi ya siku aliyokufa alikuwa akifanya kazi ya riwaya iitwayo Weir of Hermiston, habari ya baba hakimu, mtu mkali, na mwanawe wa pekee ambao hawaelewani. Alikuwa akisema kwa mdomo, na Isobel, dada yake Lloyd, akiandika, kama mama yake alivyomwandikia habari za Musa. Riwaya haikumalizika, wengi wanaojua mambo haya husema ingekuwa bora kuliko zote. Isobel ndiye aliyeeleza baadaye jinsi alivyokusudia iishe, na maelezo yake yalichapwa mwishoni mwa kitabu. Sitayaandika hapa, maana kabatini tunayo nakala moja, ya Kiingereza, rafu ya pili kutoka chini, na tangu daftari hili lilipofunguliwa hakuna jina lililoandikwa mbele yake ila langu.